Je, Wajua? Kutoka Kwanza Hadi Lamu Bila Kupanda Ndege

Watalii hutoka Ulaya, Marekani na Uarabuni kuja kupumzika Lamu, na bado hakuna ndege ya abiria inayotua mjini humo. Kwetu sisi wa Kwanza, Trans-Nzoia, Lamu iko upande wa pili kabisa wa nchi: huku tumepakana na Uganda na Mlima Elgon, kule wamepakana na Bahari ya Hindi. Lakini mwenye nauli na siku mbili tatu za likizo anaweza kufika kwa matatu, basi, treni na boti, na njia hiyo imejaa mambo ambayo abiria wa ndege huyaruka tu. Haya hapa, kwa mpangilio wa safari yenyewe, isipokuwa pale nilipovutiwa nikachepuka.

UWANJA WA NDEGE WA LAMU HAUKO LAMU

Uko kisiwa cha pili, Manda, na kati yake na mji umepita mkondo wa bahari. Ndege ikishatua, abiria hutembea hadi gatini na kuingia botini. Kwa hiyo hata yule aliyeruka kutoka Wilson, Nairobi, kwa saa moja na ushei, lazima mwishowe arushiwe maji ya chumvi usoni sawa na aliyetoka Kwanza kwa basi.

Na Manda yenyewe si kisiwa cha kupitwa hivihivi. Wataalamu wa mambo ya kale wamefukua huko mabaki ya mji wa karne ya 9 uliokuwa ukifanya biashara na Ghuba ya Uajemi, na upande mwingine wa kisiwa kuna Takwa, mji wa mawe uliohamwa na watu wake karne ya 17. Yaani ndege hutua kwenye kisiwa chenye miji miwili iliyokufa ili kumfikisha mgeni kwenye mji mmoja ulio hai.

KUNA NCHI TANO ZISIZO NA UWANJA WA NDEGE

Andorra, Liechtenstein, Monaco, San Marino na Vatican. Matajiri wanaokwenda kustarehe Monaco hutua Nice, Ufaransa, kisha humalizia kwa gari, treni au helikopta. Venice, Italia, inao uwanja, lakini umejengwa bara. Wageni wengi humalizia safari kwa boti. Ukiniuliza, huo ndio mji pacha wa Lamu: yote miwili ilijengwa na wafanyabiashara wa baharini ambao hawakuwa na haja ya gurudumu.

BUNGOMA IKO KARIBU NA KAMPALA KULIKO NAIROBI

Kutoka Bungoma mjini, kwa jirani zetu, hadi Malaba ni mwendo mfupi, na ukivuka mpaka, Kampala imebaki kilomita zipatazo 220. Nairobi iko mbali zaidi ya hapo kwa zaidi ya kilomita mia.

Sasa tupige hesabu ya Lamu. Kitale, mji ulio karibu nasi, hadi Nairobi ni takriban kilomita 380. Nairobi hadi Mombasa, 480. Mombasa hadi Mokowe, mahali lami inapoishia, 340 hivi. Jumla inakaribia kilomita 1,200. Mtu wa Kitale anaweza kwenda Kampala, akarudi nyumbani, akaenda Kampala tena, na umbali huo bado hajaufikisha. Na safari yote hiyo ya Lamu iko ndani ya Kenya, bila kuonyesha pasipoti hata mara moja.

BODABODA ZA KWANZA ZILIKUWA BAISKELI

Safari ya mtu wa Kwanza huanzia mgongoni mwa pikipiki, mzigo umelazwa juu ya tangi mbele ya mwendeshaji. Ila kazi hii ilianza miaka ya 1960 kwa baiskeli, Busia, jirani zetu wa kusini, pale ambapo vijana waliwabeba wasafiri na bidhaa zao kati ya kituo cha mpakani cha Kenya na kile cha Uganda. Kiti kilikuwa kipande cha godoro kilichofungwa juu ya keria. Leo biashara hiyo imeenea Afrika Mashariki nzima, na mizizi yake iko huku kwetu magharibi.

Ukishafika stejini unaingia matatu. Nazo zina mwaka wao: 1973, Rais Jomo Kenyatta alipotangaza kwamba zinaweza kubeba abiria bila leseni maalumu. Kabla ya hapo zilikuwa zikijificha. Kisha mwaka 2004 zikaja sheria za Waziri John Michuki, na kila abiria akatakiwa kufunga mkanda. Wale wa umri wangu bado wanakumbuka siku ambazo matatu ilikuwa haijai.

UKIENDA BAHARINI, UNAANZA KWA KUPANDA MLIMA

Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Ungedhani kutoka hapo ni kuteremka tu hadi pwani. Wapi! Basi linapotoka Eldoret na kupita Burnt Forest, linazidi kupanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700. Abiria waliolala huamshwa na baridi, madirisha huanza kufungwa moja baada ya jingine, na kando ya barabara unaona viazi vimepangwa kwenye ndoo, ukungu umeshuka hadi kwenye mabati ya nyumba. Mtu aliyevaa shati la likizo kwa ajili ya Lamu hujuta hapo.

Reli nayo ilipanda mlima huohuo. Kilele chake karibu na Timboroa kiko futi 9,136, karibu mita 2,785, na enzi za ukoloni Waingereza walijisifu kwamba hakuna reli iliyopita juu zaidi katika himaya yao yote. Tawi la reli hiyo lilifika Kitale mwaka 1926, mahindi na kahawa ya walowezi vikapata njia ya kwenda Mombasa. Fikiria: kila gunia la mahindi lililotoka Trans-Nzoia kwenda melini lilipandishwa kwanza zaidi ya mita 800 juu ya mahali lilipovunwa.

Mitaa hiyohiyo ya Timboroa ndipo unapovuka ikweta. Kitale iko nyuzi moja kaskazini ya mstari huo, Lamu iko nyuzi mbili na kitu kusini. Kwa hiyo umebadilisha nusu ya dunia ukiwa umekaa kwenye kiti kilekile.

MAJI YA MLIMA ELGON HAYAFIKI LAMU

Hili ndilo linalonipendeza kuliko yote. Wewe unaelekea Bahari ya Hindi, lakini mito ya nyumbani imekataa kufuatana nawe. Mvua inayonyesha mashambani Kwanza huingia vijito vinavyokwenda Mto Nzoia. Nzoia hupita Webuye, penye maporomoko, ukaenda kumwaga maji Budalangi kwenye Ziwa Victoria. Ziwa hutoka Jinja likiwa Mto Naili, na Naili huishia Misri, kwenye Bahari ya Kati, zaidi ya kilomita 5,000 kutoka Jinja.

Haya, na mvua inayonyesha juu kabisa, ndani ya lile bonde kubwa la kilele cha Elgon? Hiyo hutoka kwa Mto Suam, ambao huzunguka kaskazini, ukageuka kuwa Turkwel na kufia Ziwa Turkana. Ziwa hilo halina mto unaotoka. Maji yakishaingia, mlango wao wa kutokea ni jua tu.

Yaani mlima mmoja, ukinyeshewa siku moja, hupeleka maji Misri na jangwani Turkana, na kwa upande wa Kenya hakuna tone linaloelekea pwani. Mto utakaokutana nao karibu na Lamu ni Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, kilomita zipatazo 1,000. Huo asili yake ni Aberdare na Mlima Kenya. Basi huuvuka Garsen, kabla haujafika baharini sehemu za Kipini.

MWAKA 1883 SAFARI HII ILICHUKUA MIEZI TISA

Joseph Thomson, Mskoti aliyekuwa na umri wa miaka 25, aliondoka Mombasa Machi 1883 na msafara wa wapagazi. Alifika Ziwa Victoria Desemba. Miezi karibu tisa, na alikuwa kijana mwenye mbio. Leo anayetoka Mombasa asubuhi kwa treni na kuunganisha basi la usiku Nairobi ataamkia Kitale.

Vitabu vya shule za kikoloni vilimfanya Thomson kuwa mgunduzi, lakini njia ilikuwa na wenyewe. Wafanyabiashara Waswahili wa pembe za ndovu walikuwa wakipita nchi ya Wamaasai miaka mingi kabla yake, na mmoja wao, Jumbe Kimameta wa Pangani, alifuatana naye sehemu kubwa ya safari. Bila watu kama hao, sidhani angefika.

Akiwa njiani kurudi, Thomson alipita Mlima Elgon na kukuta mapango makubwa ambamo watu waliishi pamoja na ng'ombe wao. Alishangaa mno, akaamini yamechongwa na watu wa kale, huenda Wamisri. Siku ya mwisho ya mwaka alipigwa pembe na nyati, ikabidi abebwe. Aliyeyachonga mapango hayo tutamtaja mbele.

TRENI INAPITA PALE SIMBA WALIPOKULA WAJENZI WA RELI

Nairobi unaweza kuhama basi na kuingia treni ya Madaraka Express, iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017. Unapandia Syokimau, unashukia Miritini, na kati yake ni kilomita zaidi ya 470 kwa muda wa saa tano au sita.

Reli hiyo inakata Tsavo, na tuta lake limeinuliwa na kuachwa njia za chini ili tembo wapite. Ukikaa dirishani una nafasi nzuri ya kuwaona, wekundu kwa vumbi la huko. Hapohapo Tsavo, mwaka 1898, simba dume wawili wasio na manyoya shingoni walisimamisha ujenzi wa reli ya zamani kwa kuwala vibarua usiku, hadi mhandisi John Patterson alipowaua. Ngozi zao ziliuzwa mwaka 1924 kwa jumba la makumbusho la Chicago kwa dola 5,000, na hadi leo wako huko. Mkenya anayetaka kuwaona sharti aende Marekani. Naona ingefaa siku moja warudi nyumbani.

KIVUKO CHA MTWAPA KILIENDA KWA NYIMBO

Kaskazini ya Mombasa bahari imeingia nchi kavu kwa mikono mingi, na zamani kila mkono ulikuwa kikwazo. Nyali ilipata daraja la kuelea mwaka 1931, na lile la zege likaja 1980. Mtwapa palikuwa na pantoni iliyovutwa kwa minyororo na wanaume waliokuwa wakiimba ili wavute kwa pamoja. Dereva alizima gari na kusikiliza. Kilifi watu walipanga foleni ya kivuko hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Basi la leo huvipita vyote hivyo abiria wengine wakiwa bado wanatafuta mahali pa kuweka miguu.

KIJIJI KILICHOKUWA USULTANI, CHENYE STEMPU ZAKE

Baada ya Garsen, barabara ambayo miaka ya karibuni imewekwa lami inapita Witu. Ukiangalia dirishani unaona miembe, maduka machache na mbuzi. Wengi hawageuzi hata shingo. Wangegeuza!

Katika miaka ya 1860 Ahmed, wa ukoo wa watawala wa Pate, Wanabahani, aliwakimbia masultani wa Zanzibar na kujenga makao yake msituni hapo. Watu walimwita Simba. Alipokea kila aliyehitaji pa kujificha, wakiwemo watumwa waliowatoroka mabwana zao, na Zanzibar ikashindwa kumng'oa. Mwaka 1885 alikubaliana na ndugu wawili Wajerumani, akina Denhardt, na Witu ikawekwa chini ya ulinzi wa Ujerumani. Mwaka 1889 zilichapishwa stempu za posta zenye jina la nchi ya Waswahili. Mwaka uliofuata, Ujerumani na Uingereza zilipogawana maeneo kwa mkataba uleule ulioipa Ujerumani kisiwa cha Heligoland, Witu ikaachiwa Waingereza bila wenyewe kuulizwa. Oktoba mwaka huohuo wa 1890 wanajeshi wa Uingereza waliuteketeza mji.

Miaka mitano tu ya ulinzi wa Kaiser, na stempu zake bado zinatafutwa na wakusanyaji. Dereva akisimamisha gari Witu, shuka unyooshe miguu. Ni mji wa kuheshimiwa.

LAMI INAISHIA MOKOWE, NA LAMU BADO

Basi la Lamu halifiki Lamu. Linasimama Mokowe, bara, na hapo kila kitu kinahamia majini: godoro, katoni za maziwa, kuku waliofungwa miguu, begi la mtalii. Baharia anasimama mguu mmoja gatini na mwingine botini, anakushika mkono, anakuonyesha pa kukaa ili chombo kisiinamie upande. Omba jaketi la kuokolea kabla hamjang'oa nanga, usingoje mawimbi. Kwa boti ya kawaida ni kama nusu saa kupita kwenye mikoko, kisha nyumba nyeupe zinaanza kuonekana zimejipanga ufukweni.

Jambo moja la msaada: barabara hii imekuwa na vipindi vya ukosefu wa usalama, na mabasi yamezoea kusafiri mchana na mara nyingine kwa msafara wa polisi. Panga kulala Mombasa au Malindi na uondoke mapema.

MJI WENYE HOSPITALI YA PUNDA LAKINI USIO NA BARABARA YA MAGARI

Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, umejengwa kwa vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja lazima arudi nyuma. Mchanga, matofali, saruji na maji hubebwa mgongoni mwao. Mwaka 1987 shirika la Uingereza linalotetea punda lilifungua zahanati yao karibu na ufuo, na mwenye punda mgonjwa hutibiwa mnyama wake bila malipo. Pikipiki nazo zimeshafika kisiwani, na wenyeji wengi wanazipigia kelele zisiingie vichochoroni. Nawaunga mkono kabisa. Bodaboda tunazo za kutosha huku Kitale.

Ndani ya nyumba kuna ajabu nyingine: vyumba vya zamani ni virefu lakini vyembamba, upana wake haufiki mita tatu. Sababu ni boriti za mikoko zinazoshika dari. Boriti haihimili upana unaozidi huo, basi na chumba hakizidi.

ZAMANI RATIBA YA SAFARI ILIANDIKWA NA UPEPO

Kabla ya ndege na basi, mgeni wa Lamu alifika msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba hivi hadi Machi, majahazi yakitoka Uarabuni na tende na mazulia. Kisha alingoja kusi, upepo uvume kinyume, aondoke na boriti. Aliyechelewa kupakia alikaa miezi mingine. Wengine walioa na hawakuondoka tena.

Hata sasa kuna msimu ambao kisiwa hufurika wageni wasiokuja kwa ajili ya ufuo. Kila Mfungo Sita, Msikiti wa Riyadha, uliojengwa zama za mwanazuoni Habib Swaleh, huandaa Maulidi inayovuta watu kutoka pwani yote ya Afrika Mashariki na visiwa vya Ngazija, kwa mabasi na boti kama sisi. Vikundi vya vijana hupiga matari usiku kucha, na mchana kuna mashindano ya mbio za punda kandokando ya bahari. Mshindi huheshimiwa mji mzima kuliko dereva yeyote wa basi.

NA NINYI WA LAMU, MKIJA HUKU

Njooni, kwa sababu sisi pia tunayo mahali pasipotembelewa kwa gari. Karibu na Kitale iko Hifadhi ya Taifa ya Kinamasi cha Saiwa, iliyoanzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya mnyama mmoja tu, nzohe, swala mwenye kwato ndefu zilizoachana zinazomwezesha kutembea juu ya matope bila kuzama. Ina kilomita za mraba tatu hivi, ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini. Tsavo zote mbili zingeimeza zaidi ya mara elfu saba. Unaizunguka kwa miguu juu ya mbao, na kupanda minara ya kuchungulia asubuhi na mapema.

Kisha chukueni matatu ya Endebess, na kutoka hapo usafiri wa kwenda lango la Chorlim la Mlima Elgon. Ndani ya hifadhi liko pango la Kitum, mojawapo ya yale mapango ambayo wataalamu wa leo wanasema yamepanuliwa kwa sehemu kubwa na tembo, si na Wamisri. Tembo hao huingia usiku, gizani totoro, wakipapasa njia kwa mikonga, hadi kina cha mita kama 200, wakabandua ukuta kwa pembe na kutafuna mawe wapate chumvi. Bahari ingekuwa karibu wasingehangaika hivyo. Ingieni mchana, pamoja na askari wa wanyamapori, na kila mtu abebe tochi yake: mikwaruzo ya pembe iko ukutani, mingine juu ya kimo cha mtu, na unaweza kuweka kidole ndani yake.